Kuonja na Kupima

Mwanangu Aloisi,

Salamu sikuandikii, maana umelala chumba cha pili na nakusikia unavyokoroma. Barua hii utaikuta ndani ya sanduku, chini ya blanketi, na najua hutaiona mpaka Voi, pale mtakaposubiri treni ya Nairobi na njaa ikushike uanze kutafuta ndizi alizokufungia mama yako. Ni nyingi mno. Nilimwambia Nairobi nako watu wanakula, akanitazama tu.

Habari za blanketi, za misa ya Jumapili, za watu wa kuandamana nao na watu wa kuwakwepa, mama yako amezisema tangu juzi na leo amezirudia mpaka ukakimbilia kwa ng'ombe. Mimi sina la kuongeza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini wewe ulimwengu utakukuta umeshafunzwa hadi umechoka.

Mimi pia nimechoka, mwanangu. Sisemi ili unihurumie. Tumekuwa na wageni tangu mchana, mgongo unaniuma, na mkono huu ulioshika kata jioni nzima unatetemeka, ndiyo maana mwandiko umelala hivi. Ningekwenda kulala. Lakini kuna jambo lilitokea leo wewe ukiwa kule chini ya kahawa na wenzako mkicheka, nawe hukuliona. Linamhusu Mama Kandida, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Mambo yake na yangu unayajua vipande vipande, kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, na sitaki uende kuanza kazi katika nyumba ile ya Nairobi ukiwa na vipande.

Nyumba ile naijua. Ulipopata barua ya kuitwa kazini uliwasomea wajomba zako kwa sauti, ukawaeleza kwamba hayo ndiyo makao makuu ya upimaji wa dawa, kwamba dawa zinazoingia katika nchi zetu hizi tatu husimamishwa pale kwanza zikaulizwa jina lao na nguvu zao, na isiyojibu sawasawa hairuhusiwi kupita. Ulieleza kwa Kiingereza, ukaeleza kwa Kiswahili, na kwa Kichagga ukakwama, wajomba wakacheka. Mimi sikusema neno. Mama yako aliniambia baadaye kwamba uliumia, ukadhani sikufurahi. Nilifurahi, Aloisi. Ila benchi la nyumba ile nilikwisha kulikalia kabla yako, na ulipoitaja nikaliona tena.

Nianze na kuonja, maana yote yametoka huko.

Kwetu anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza. Hunywa funda moja machoni pa mgeni, ndipo humkabidhi kata. Wazee walifanya hivyo kuonyesha kwamba hakuna sumu. Siku hizi nani atakuwekea sumu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi? Imebaki kuwa adabu. Lakini jaribu kumpa mzee kata bila kuonja uone atakavyoishika kwa vidole viwili.

Nilipowekwa kuwa dresa katika zahanati yetu ndogo, wewe ukiwa hujazaliwa, hakuna aliyetaka dawa zangu. Walikuja kufungwa vidonda, basi. Siku moja akaja Meku Barnaba, babu yake mama yako, akitetemeka kwa homa. Nikampa kikombe cha kwinini. Akakitazama, akanirudishia.

"Kijana," akasema, "kwenu hamwonji?"

Nikaona aibu. Nikanywa funda, uso ukanikunjamana, nikampa. Akanywa yote. Kesho yake akaja na ndugu zake wawili, na kabla ya mwezi kwisha benchi la zahanati lilikuwa halitoshi. Tangu hapo sikumpa mtu dawa ya maji bila kuionja mbele yake. Madresa wenzangu wa mjini walinicheka, wakasema Gaspari anakunywa dawa ya serikali apate nguvu za kupalilia. Waache wacheke. Watu wetu walikuwa wanapona, na mimi nilikuwa naitwa mbe, kwa heshima, hata na wazee wa rika la baba yangu.

Hapo ndipo kiburi kilipoingia, na kiliingia polepole kiasi kwamba sikukiona. Nilianza kuuamini ulimi wangu. Nikionja nasema hii kali, hii imelegea. Unajua mama yako alivyo na mbege: akigusa tone tu anakwambia gome la msesewe limezidi au limepungua. Tumelelewa hivyo. Mbege isiyo na uchungu wa msesewe tunaiita uji, tunampa mtoto. Kwa hiyo kichwani mwangu, bila mtu kunifundisha, uchungu ukawa ndiyo nguvu yenyewe. Dawa chungu ni dawa nzuri. Ndivyo nilivyowaambia wagonjwa kila siku, na ndivyo nilivyoamini.

Vita vilipokuja kwinini ikaadimika. Makopo yaliyokuwa yakitujia yakaacha kuja, na watu wakazidi kushuka kwenye mashamba ya chini, upande wa kuelekea Mabogini, kwa sababu njaa haingoji vita viishe. Walishuka wazima wakapanda na homa. Wazee wa zahanati wakakusanya walichokusanya, wakanituma mjini nikatafute dawa popote. Nikazunguka siku nzima. Mwishowe nyuma ya soko nikamkuta mtu mwenye kopo. Simjui jina mpaka leo, na uso wake nimeusahau, jambo ambalo linaniudhi kuliko ungedhani. Akafungua kifuniko. Nikachovya kidole, nikaweka ulimini. Chungu! Chungu hadi machozi. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa mlima, miguu inauma, nataka kufika nyumbani kabla njia haijawa tope. Nikasema, "Hii ndiyo yenyewe." Nikalibeba kopo, nikapanda nalo.

Kuna neno hapa nataka ulisome mara mbili. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa mwizi wala mlevi wala mjinga. Nilikuwa mtu aliyechoka ambaye alitaka unga ule uwe kwinini ili aende nyumbani.

Kandida unamkumbuka? Alikuwa amekupita kidogo kwa umri, na alikuwa akikubeba mgongoni kuvuka mfereji hata ulipokuwa mkubwa wa kujivukia, kwa sababu ulikuwa mvivu naye alikuwa na huruma. Msimu ule alishuka na mama yake kulinda ulezi, kufukuza ndege. Ulezi wenyewe ni huu huu tunaopikia mbege. Akarudi ana homa. Mama yake akaja naye zahanati asubuhi, amemfunga mgongoni na kanga, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia.

Nikachanganya dawa. Nikaonja. Nikasema, "Ni chungu, ni nzuri." Mama Kandida akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, "Aika, mbe," akamnywesha. Mtoto akalia kidogo kwa uchungu wa dawa, sote tukacheka, mama yake akamfuta mdomo.

Homa haikushuka. Akarudishwa, nikaongeza dawa. Nikaonja tena. Ikapanda. Mara ya mwisho nilikwenda kwao mwenyewe na chupa, nikaonja mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya nyumba nzima. Kandida alikuwa hatambui mtu. Alfajiri yake akafa.

Siku ya mazishi watu walipotawanyika, Mama Kandida alinijia. Hakupiga kelele. Alikuwa na sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mbe Gaspari," akasema, "si ulionja?"

Nikasema, "Nilionja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama hajaelewa, akaenda zake. Nimesikia maneno mengi makali maishani mwangu, mwanangu, na mengine nilistahili. Hakuna lililoniingia kama lile, kwa sababu hakunilaumu. Aliuliza kweli.

Daktari wa wilaya alisema homa zimekuwa kali mwaka ule. Wazee wakasema ni mapenzi ya Mungu. Kila mtu alinipa mlango wa kutokea, na milango yote ilikuwa wazi. Lakini chupa ilikuwa imebaki na dawa nusu, nami nikiitazama naona haisemi kitu. Daktari yuleyule, alipoona simwachi, akanitajia nyumba ya Nairobi. Nikaifunga chupa kwa majani makavu ya mgomba, nikashuka stesheni, nikapanda treni hii utakayopanda wewe. Niliipakata usiku kucha kama mtoto. Pale Taveta mtu akaniuliza, "Mzee, unabeba asali?" Nikasema ndiyo.

Nilidhani nitakuta jumba kama kanisa. Ni nyumba ya mawe tu, bati jekundu, ukumbi mrefu, na harufu ambayo utaizoea. Askari wa mlangoni aliniambia hospitali iko upande ule. Nikamwambia sitafuti hospitali, nina dawa inayotaka kuulizwa. Akanitazama miguuni, akaniruhusu kukaa. Lile benchi liko mkono wa kushoto ukiingia, kama hawajalihamisha.

Aliyenipokea alikuwa Mgoa mmoja mzee mwenye koti jeupe lililotobolewa na dawa. Alizungumza Kiswahili cha pwani, polepole, akinisaidia. Akauliza imetoka wapi, nani aliichanganya, nani amekunywa. Kisha akauliza, "Na wewe ulijuaje kwamba ni nzuri?"

"Niliionja, bwana."

Nilingoja acheke. Hakucheka. "Kwa nini unaonja?"

Nikamweleza adabu yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Na kama ingekuwa sumu?"

"Ningeanza kufa mimi."

Akaigeuzageuza ile chupa. "Hiyo ni heshima kubwa," akasema. "Lakini mgonjwa wako hakuogopa sumu. Alihitaji kwinini. Ulimi unajua uchungu, haujui kiasi."

Nililala kwa mtu wa kwetu aliyekuwa fundi wa reli, nikarudi kila asubuhi kukaa kwenye benchi, mpaka walipomaliza. Mzee yule alitoka mwenyewe, akakaa karibu nami badala ya kuniita ndani. Kwinini ilikuwamo kidogo sana, akasema. Unga uliobaki haukuwa dawa ya kitu chochote, na uchungu ulikuwa wa gome la mti, ingawa mti gani hakuweza kusema. Mimi niliwaza msesewe. Huenda haukuwa msesewe. Lakini fikiria: mimi, mtoto wa watu wa mbege, niliyelelewa kwenye uchungu wa magome, ndiye mtu ambaye gome lingemdanganya kirahisi kuliko wote chini ya jua.

Akaniambia wataandika kila mahali makopo ya namna ile yatafutwe na kuzuiwa, na kweli baadaye nilisikia yalipatikana mengine, Upareni na kwingineko. "Chupa yako imewaokoa watu usiowajua," akasema, akanishika bega. Alikuwa mtu mwema. Nami sikupata faraja yoyote, Aloisi. Wale nisiowajua walikuwa wazima, na niliyemjua alikuwa chini ya migomba kwao.

Siku niliyoshuka kwenye treni sikupita nyumbani kwanza. Nilichuma isale, jani letu la kuombea msamaha, mpakani mwa kihamba chetu, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikavuka mfereji. Nikamweleza Mama Kandida yote: soko, kidole, mvua, nyumba ya mawe. Nikamnyoshea lile jani kwa mikono miwili. Wewe unajua isale halikataliwi. Hata mtu ambaye ndugu yake ameuawa, akiletewa isale, hupokea. Akalipokea. Akasema, "Nimesikia." Akalichomeka ardhini pembeni ya mlango wake, na leo limekuwa kichaka, umeliona.

Watu wakasema basi, yamekwisha. Lakini tangu siku ile Mama Kandida hakunywa kitu kutoka mkononi mwangu. Alikuja kwenye komunyo yako ya kwanza, akamenya ndizi tangu alfajiri. Alikuja babu yako alipofariki. Kila mara nilionja, nikamnyoshea kata, naye akaigusa kwa ncha za vidole, akampitishia aliye karibu, bila chuki, akatabasamu hata. Halafu akaenda kwake na mdomo mkavu. Juzi uliuliza mbona hanywi kwetu, mama yako akajibu kwamba tumbo linamsumbua. Tumbo lake ni zima kuliko langu.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Mimi yangu hayakungoja hata nipate mjukuu. Na yale ya Kandida siyo ninayoyajutia kuliko yote, ingawa utashangaa nikisema hivyo. Hayo Padri amekwisha kuyasikiliza, na Mungu ameyapokea au hajayapokea, mimi sijui. Ninalolijutia zaidi ni lile nililofanya baadaye.

Niliacha kazi.

Nilirudisha ufunguo wa zahanati nikajifungia kwenye kahawa. Niliona ni unyenyekevu. Watu wakanisifu kwamba nina aibu, na mtu mwenye aibu ni mtu mwema. Lakini zahanati ilikaa bila dresa muda mrefu, milango ikaliwa na mchwa. Watu wakaja hapa nyumbani, wamebeba watoto, wakaita uani, "Mbe, tusaidie." Nikawaambia waende misheni ya Kilema. Ni mbali, mwanangu, ukiwa na mtoto mgongoni na mvua. Wengine walifika. Wengine hawakwenda kabisa, wakarudi nyumbani kungoja. Mimi niliyejua tofauti ya kidonda na kidonda, niliyekuwa sasa najua kitu ambacho hakuna dresa mlimani aliyekijua, kwamba ulimi hautoshi, nilikaa napogoa kahawa. Nilikuwa nauguza jina langu, na wagonjwa wakangoja.

Na kuna siku nyingine. Ulikuwa umepanga vikombe vya majani ya mgomba kwenye ukuta wa zizi, umeweka maji na majani uliyoyaponda, na watoto wa jirani wamekaa foleni. Ukachukua cha kwanza, ukaonja, ukakunja uso, ukasema kwa sauti yangu hasa, "Ni chungu, ni nzuri." Nikakuchapa kofi. Nilikuchapa mbele ya wenzako, kwa nguvu, ukaanguka kwenye majani ya ng'ombe. Hukujua kwa nini, na sikukueleza. Nilikuona usiku ule umelala na kidole mdomoni, mtoto mkubwa vile. Nilitaka kukuamsha, nikashindwa. Nakueleza sasa, na nakuomba radhi. Nilikupiga kwa kosa langu.

Ulipochagua masomo haya ya dawa, mama yako alisema ni Mungu. Mimi niliogopa. Niliogopa kwamba umesikia vipande vile, na moyoni umejipa kazi ya kwenda kusafisha jina la baba yako. Kama ni hivyo, tafadhali, huu mzigo uuache hapo Voi, chini ya kiti cha stesheni. Kandida si wako. Kandida alikuwa rafiki yako aliyekubeba mgongoni, mkumbuke kwa hilo. Ukienda ukiwa na nia ya kunisafisha utapima kila chupa ukimtazama mtoto mmoja, na jicho linalomtazama marehemu haliwezi kuona sawasawa kilicho mbele yake.

Nenda kwa sababu kazi ni nzuri na una kichwa chake. Wewe una subira, ambayo hukuipata kwangu. Utaletewa vitu vyeupe vinavyofanana, chupa moja baada ya nyingine, hazina sura ya mtu. Mwanzo utakuwa makini. Baada ya mwaka utazoea. Itakuja siku ya kwenda nyumbani mapema, mvua inakusanyika, na bwana mkubwa anasema meli imengoja vya kutosha, na wewe mwenyewe unataka kitu kile kiwe kizuri. Siku hiyo ndiyo niliyokutana nayo nyuma ya soko. Sema tu umechoka, utapima kesho. Watakununia. Mtu akinuniwa hafi.

Na siku utakayokosea, maana utakosea, usirudishe ufunguo. Lia, ungama, kisha asubuhi vaa koti lako uingie. Aliyekosea akabaki ana faida kuliko aliyekosea akakimbia. Mimi nililijua hili nilipokuwa nimekwisha kuwa mzee wa kahawa.

Sasa leo.

Unajua jinsi uani kulivyojaa. Mama yako alikuwa na mitungi yake, mimi nikagawa. Nikaonja, nikatoa, nikaonja, nikatoa, hadi kichwa kikawa chepesi. Wewe ulikwisha kupewa baraka na wajomba, ukachomoka na wenzako. Jua likashuka. Mama Kandida alikuwa amekaa kwenye lile gogo karibu na jiko, ameshamaliza kuosha vyombo vya watu, mikono bado ina maji. Nikajaza kata. Nikaenda kwake kama ninavyokwenda kila mara, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kumtenga. Nilijua atagusa, atapitisha.

Nikainua kata mdomoni nionje. Akanyosha mkono.

"Lete, mbe," akasema. "Usionje."

Nikasimama kama mjinga. Nikasema, "Mama Kandida, sijaonja bado."

"Nimeona. Lete."

Akaichukua mkononi mwangu, akanywa. Alikunywa mpaka chini, mpaka machicha, watu wa karibu wakageuka mmoja mmoja. Mama yako alishika mdomo. Mama Kandida akajifuta kwa kanga, akanirudishia kata, akasema, "Rosalia amezidisha msesewe mwaka huu." Mama yako akacheka na kulia kwa wakati mmoja, akasema, "Ni kweli, mai, ni kweli, nilijua."

Nilikaa kwenye gogo pembeni yake. Kisha akauliza, "Ndiyo nyumba ile ile anayokwenda mtoto? Ile uliyoniambia?" Nikasema ndiyo. Akafikiri.

"Mwambie huko asionje," akasema. "Apime."

Akaondoka, akavuka mfereji kwa mawe, taratibu, maana magoti yake yamechoka kama mgongo wangu. Nimekaa na jambo hili tangu jioni sijui niliite nini. Huenda amenisamehe. Huenda amechoka tu kubeba kiu. Huenda alitaka nijue kwamba kuonja kwangu hakujawahi kumlinda, hivyo ya nini. Sitamuuliza. Nimefurahi, mwanangu, nimefurahi kiasi cha kuogopa, na nimechoka kiasi kwamba hata furaha naisikia kama iko nyumba ya jirani.

Ninapoandika haya naona kwamba watu wote watakaokunywa dawa utakazozipitisha watakuwa kama yeye jioni ya leo. Watapokea bila mtu kuwaonjea. Hawatakuona, wala hawatajua jina lako. Watanyosha mkono tu, waseme lete.

Kesho, kabla hatujashuka stesheni, lazima upite kwake. Nitakupeleka mwenyewe, kabla hujaiona barua hii, kwa hiyo ukiisoma utakuwa umekwisha kupita na utaelewa kwa nini nilikuharakisha. Utampa shikamoo yake. Atakuwa amekutengea maziwa, namjua. Atayaonja kwanza kabla ya kukupa, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma yako pale kwenye kichaka cha isale. Natumaini ulimngoja aonje, kisha ukapokea kwa mikono miwili na kunywa yote bila kuuliza kitu. Kazi ya kupima inaanza Nairobi.

Baba yako,
Gaspari

Mama yako anasema ndizi zilizo juu ndizo zimeiva, uanze na hizo.